Mkono wa Mama na Glasi ya Siki

Mama alianguka uani kwake Pangani asubuhi moja ya masika, akitoka kuwafungulia kuku. Halikuwa anguko la kutisha. Mguu uliteleza kwenye majani yaliyolowa, akatanguliza kiganja kujizuia, na mkono ukavunjika pale kwenye kifundo. Alikuwa na miaka 68. Nilipofika kutoka Tanga mjini nilimkuta barazani, mkono kaufunga kwa kanga na kaupakata kama mtoto mchanga. Baada ya kuitikia shikamoo yangu, neno la kwanza aliloniambia ni kwamba nisilie kwa sauti, majirani wasije wakadhani tumefiwa.

Hospitali walimpiga picha, wakamnyoosha mfupa, wakamfunga hogo. Daktari aliyemwona alikuwa kijana mpole, na alisema jambo ambalo sijalisahau: mtu akianguka kutoka kimo chake mwenyewe, si kutoka juu ya mnazi wala kwenye pikipiki, mfupa wenye afya hauvunjiki kirahisi. Ukivunjika, ujue ulishapungua siku nyingi. Akaandika kalsiamu. Dirishani tukapewa bahasha ya kaki yenye vidonge vyeupe, imeandikwa kwa kalamu 1x3. Nikarudi nyumbani nimetulia, nikiamini kazi imekwisha.

Miezi iliyofuata nilitumia fedha nyingi kununua vitu vyenye jina moja, kalsiamu, bila kujua kwamba havifanani. Naandika nikiwafikiria wenye wazazi wa umri wa mama yangu, ambao muda huu huenda wanasimama mbele ya kabati la famasi wakitazama vikopo vitano na hawajui wamuulize nani.

Tuanze na ile bahasha. Ndani mlikuwa na kalsiamu lakteti, kila kidonge miligramu 300. Niliposoma 300 nikazidisha kwa tatu, nikapata 900, nikaridhika, maana nilishasikia kwamba mwanamke aliyepita miaka 50 anahitaji kama miligramu 1,200 kwa siku. Nilikuwa nimekosea vibaya, na sikuligundua mwenyewe. Vidonge vilipokwisha nilipita famasi moja mjini kununua vingine. Dada aliyekuwa pale ni mfamasia wa kusomea, si muuzaji tu wa dukani. Aliniuliza mama anatumia vingapi. Nilipomjibu akavuta kikokotoo.

"Dada yangu, hii 300 ni uzito wa kitu chote kilichomo. Kalsiamu yenyewe humo ni asilimia 13. Kidonge kimoja ni kama miligramu 39."

Thelathini na tisa mara tatu ni 117. Glasi moja ya maziwa ina kalsiamu inayokaribia miligramu 300. Kwa hiyo mama yangu, aliyekuwa akikunja uso kila anapomeza, alikuwa akijitesa mara tatu kwa siku kwa kitu kisichofika hata nusu glasi ya maziwa. Nilisikia joto usoni. Nilimwonea huruma mama, na nikakasirika kwamba hakuna aliyetuambia, wala pale dirishani wala kwenye karatasi.

Yule dada alinieleza taratibu, na watu nyuma yangu walisubiri. Kalsiamu haikai peke yake kwenye kidonge. Lazima iungane na kitu kingine, na kile kingine kina uzito wake. Ukinunua nazi kwa kupima kwenye mizani, umelipia na kifuu na maji. Nyama ya nazi ni sehemu tu ya ulichobeba. Katika kalsiamu kaboneti, nyama ni asilimia 40. Katika sitreti ni 21. Lakteti ni 13, na glukoneti ni 9 tu. Niliziandika namba hizo nyuma ya risiti, na ile risiti ninayo hadi leo, imebandikwa ndani ya mlango wa kabati langu la jikoni.

Nikachukua kaboneti, kwa sababu hesabu ilikuwa nzuri na bei ilikuwa nafuu: kidonge cha kutafuna chenye kaboneti miligramu 1,250, maana yake kalsiamu yenyewe 500. Viwili kwa siku, 1,000. Nilitoka pale najiona nimehitimu.

Baada ya wiki mbili mama alinipigia simu usiku. Tumbo limejaa gesi, choo kimefunga siku ya nne, na ana kichefuchefu. "Mwanangu, hivi vidonge vyako vinanikausha," alisema. Nilimwambia anywe maji mengi na ale papai. Sikumuuliza anavimeza saa ngapi, na hapo ndipo nilipopotea kwa mara ya pili. Mama ana vidonda vya tumbo, au tuseme aliambiwa ana vidonda vya tumbo miaka sita nyuma, na tangu hapo alikuwa akimeza omeprazoli kila alfajiri kabla ya chai. Hajawahi kurudi kupimwa. Vidonge vikiisha hutuma mtoto dukani. Na kwa kuwa hapendi deni la dawa kumning'inia siku nzima, vidonge vya kalsiamu alivimeza pamoja na omeprazoli, alfajiri hiyo hiyo, vyote viwili kwa mpigo, tumbo likiwa tupu.

Ni vigumu kupanga njia mbaya zaidi ya hiyo. Kaboneti inahitaji asidi ya tumbo ili iyeyuke, na asidi huja kwa wingi wakati wa kula. Omeprazoli kazi yake ni kuizima asidi hiyo. Kuna utafiti wa mwaka 2005 uliofanywa Marekani kwa wanawake wa miaka 65 na kuendelea: walipewa kaboneti tumbo likiwa tupu, mara moja bila omeprazoli, na mara nyingine baada ya kuitumia siku saba. Kalsiamu iliyopenya mwilini ilishuka kutoka asilimia 9.1 hadi 3.5. Hata ile ya kwanza ni ndogo, kwa sababu hawakula. Na jambo jingine ni hili: mwili hauwezi kupokea kalsiamu nyingi kwa pamoja. Ikizidi 500 kwa mara moja, sehemu kubwa ya inayozidi hushuka na njia yake. Mama alikuwa akimeza 1,000 kwa pamoja, bila chakula, bila asidi. Iliyobaki ilikaa tumboni kumfunga choo.

Haya yote sikuyajua siku ile ya simu. Nilijua tu kwamba mama anaumwa na mimi ndiye niliyenunua. Na mtu akiwa katika hali hiyo, ndipo huja mwenye kikopo cha ajabu.

Alikuja jirani, mama mmoja mwema kabisa, anayeuza bidhaa za lishe kwa mtindo wa kuunganisha watu. Alileta unga wa kalsiamu ya matumbawe. Alisema hii ni ya asili, haifungi choo, inaingia kwenye damu papo hapo, inatibu mifupa, presha na hata uvimbe. Kikopo kilikuwa shilingi 120,000. Mama mdogo, mdogo wake mama anayeishi Muscat, Omani, zaidi ya miaka 30 sasa, aliposikia akasema tusinunue, yeye atatuma kalsiamu nzuri kutoka huko. Lakini mimi nilikuwa na hofu, na hofu haingoji mzigo wa Muscat. Nikatoa fedha.

Wiki ile ile mzigo wa mama mdogo nao ukafika na mgeni. Kikopo kikubwa cha kalsiamu sitreti, mbele kimeandikwa 1,000 kwa tarakimu nene. Sasa mezani kwa mama palikuwa na kalsiamu za aina nne: lakteti chache zilizobaki kwenye bahasha, kaboneti za kutafuna, unga wa matumbawe, na sitreti za Muscat. Mama alizitazama akasema, "Sasa nipikieni mchuzi wake."

Jumapili moja nikakaa naye jikoni. Nilikuwa nimesoma kwamba kidonge cha kaboneti cha kumeza unaweza kukipima nyumbani kwa siki: ukikitia kwenye glasi ya siki nyeupe, ukikoroga mara moja moja, ndani ya nusu saa kiwe kimesambaratika, kama bado ni kigumu, huenda tumboni nako kitapita kizima. Nilichukua glasi tano za sharubati, nikazipanga kwenye sinia la bati. Katika ya kwanza nikatia siki na nusu ya kidonge cha kaboneti nilichokipasua. Kikaanza kuchemka mara moja, viputo vidogo vidogo vikipanda pembeni mwa glasi kama soda iliyofunguliwa. Katika ya pili nikatia maji matupu na nusu ya pili ya kidonge kile kile. Ikakaa chini imetulia kama kokoto kisimani.

Mama akaziinamia zote mbili. Ameishi na kuni, chokaa na chumvi maisha yake yote. Hakuhitaji darasa la kemia. Akauliza, "Hii ya maji ndiyo tumbo langu?"

Nikamwambia ndiyo, ukimeza ile dawa ya vidonda kisha hujala, tumbo lako linafanana na glasi ya pili kuliko ya kwanza. Na vile viputo vya glasi ya kwanza ni hewa. Hewa ile ile ndiyo sehemu ya gesi inayomjaza mtu anayetumia kaboneti.

Kisha mama akainuka. Nyumba yake ni ya zamani, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa kama nyumba nyingi kongwe za Pangani, na nyuma ya jiko kuna pembe ambayo mvua imeibandua plasta. Akarudi na kipande cha tumbawe kinacholingana na kidole gumba, chenye vile vitundu vyake, akakitia mwenyewe kwenye glasi ya tatu yenye siki. Kikachemka. Viputo vile vile, sauti ile ile ndogo ya mchemko ukisogeza sikio. Katika glasi ya nne nikatia kijiko cha ule unga wa shilingi 120,000. Ukachemka vile vile. Sitreti ya Muscat, kwenye glasi ya tano, ikalainika na kumomonyoka kimya kimya bila kutoa povu.

Tumbawe ni kalsiamu kaboneti. Ukuta wa mama ni kalsiamu kaboneti. Ganda la yai, kombe la pwani, na kile kidonge cha bei nafuu, vyote ni hiyo hiyo. Nchini Marekani, mwaka 2003, Tume ya Biashara ya Shirikisho iliwafikisha mahakamani wauzaji wa kalsiamu ya matumbawe kwa kudai kwamba inatibu saratani na magonjwa mengine. Simlaumu jirani yangu. Yeye alirudia alichofundishwa, na aliamini. Nilimrudia kwa heshima, nikamwonyesha zile glasi, na tukabaki majirani. Fedha haikurudi.

Niseme hapa pia kuhusu unga wa mifupa ya ng'ombe na wa makombe, maana kuna wanaoshauriwa wasage wenyewe. Mifupa hukusanya madini ya risasi kutoka kwenye mazingira ya mnyama, na unga wa mifupa uliwahi kukutwa na risasi nyingi kiasi cha kutolewa tahadhari kwa wajawazito na watoto. Ya asili haimaanishi safi.

Baada ya siku ile niliacha kuuliza kidonge kipi ni kizuri. Nilikusanya kila kitu mama anachomeza, nikakitandaza juu ya mkeka, nikakipiga picha, kisha nikakitia kwenye kikapu nikampeleka mama kwa daktari bingwa wa magonjwa ya ndani. Kulikuwa na zile kalsiamu nne, omeprazoli, kidonge cha presha na kile kidonge kingine cha presha wanachokiita cha kukojoza. Daktari hakuangalia vikopo kwanza. Alichukua omeprazoli, akaishika, akauliza, "Hii nani alisema ale miaka sita?"

Hatukuwa na jibu. Nilijifunza hapo kwamba tangu mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuwa dawa za jamii hii, zikitumika muda mrefu au kwa dozi kubwa, zinahusishwa na kuvunjika nyonga, uti wa mgongo na kifundo cha mkono. Kifundo cha mkono! Sisemi ndiyo iliyomvunja mama. Ana umri, hedhi ilikoma zamani, na maziwa hakuyapenda tangu utotoni. Lakini mimi nilikuwa nikihangaika kuchagua vidonge vya kujenga mifupa, huku dawa aliyonunua mwenyewe dukani mwaka baada ya mwaka ilikuwa upande wa pili wa mizani. Daktari alimpima bakteria wa vidonda, hakuwa nao, akapanga kuipunguza omeprazoli polepole kwa wiki kadhaa. Alituonya tusiiache ghafla, maana asidi hurudi kwa hasira na mtu hudhani vidonda vimeamka.

Kidonge cha kukojoza nacho kina habari yake. Vile vya jamii ya thiazidi huzuia kalsiamu isitoke kwenye mkojo, kwa hiyo mtu anayevitumia akimimina kalsiamu nyingi juu yake, damu inaweza kujaa kalsiamu kupita kiasi. Ndiyo maana daktari alitaka kipimo cha kalsiamu ya damu na cha figo kabla ya kuandika lolote. Kalsiamu ya damu ilitoka ya kawaida. Nikafurahi, naye akanituliza furaha: karibu asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili iko kwenye mifupa na meno, na kile kidogo cha kwenye damu mwili hukilinda kwa gharama yoyote, kwa kuwa moyo na misuli vinakitegemea. Kikipungua, unakwenda kuchota mifupani. Damu inaweza kuwa sawa kabisa huku mfupa unaliwa.

Kisha akauliza mama anakula nini. Hili ndilo swali ambalo hakuna aliyeuliza kabla yake, wala mimi. Chai ya rangi, mkate au mihogo, wali na samaki, mchicha, ugali. Mchicha una kalsiamu nyingi lakini una oksaleti inayoishikilia, mwili haupati sehemu kubwa. Sukuma wiki ni bora zaidi kwa hilo. Samaki mkubwa unatupa miiba. Dagaa unamla na mifupa yake, na hapo ndipo kalsiamu ilipo. Mama dagaa anampenda, alikuwa ameacha kumpika kwa kuwa anaishi peke yake na aliona ni shughuli. Uji wa ulezi ni mzuri. Maziwa fresh yanamsumbua tumbo, lakini mtindi haumsumbui, na mkoa wetu hauna shida ya mtindi. Tulipopiga hesabu, chakula chake cha zamani kilimpa kama 400 kwa siku. Kwa bakuli la mtindi asubuhi na dagaa mara tatu au nne kwa wiki, tungefika 700 au zaidi. Pengo lililobaki lilikuwa 500.

Miligramu 500, basi. Miezi yote ile nilikuwa nikitafuta 1,200 kwenye vikopo, kana kwamba mama hali chakula.

Daktari hakuficha pia kwamba vidonge si vya kumwaga tu. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2006, wanawake 36,282 waliokwisha kukoma hedhi, nusu yao walipewa kalsiamu yenyewe 1,000 kutoka kwenye kaboneti, pamoja na vitamini D. Uimara wa mfupa wa nyonga uliongezeka kidogo, kuvunjika nyonga hakukupungua kwa kiwango cha kutegemewa, na mawe ya figo yaliongezeka kwa asilimia 17. Kwa hiyo kalsiamu inajaza pengo, na pengo likishajaa, kuongeza hakuongezi uimara. Vitamini D aliandika yuniti 800, maana bila hiyo kalsiamu haipenyi vizuri utumboni, na mama tangu avunjike alikuwa akishinda ndani.

Aina akachagua sitreti, kwa sababu haitegemei sana asidi, inaweza kumezwa na chakula au bila chakula, na kwa wengi haifungi choo kama kaboneti. Nikatoa kwa fahari kikopo cha Muscat. Akakigeuza. Ile 1,000 ya mbele ilikuwa uzito wa sitreti. Kalsiamu yenyewe, kwa maandishi madogo ya nyuma, ilikuwa 210. Si kikopo kibaya. Ni namba tu imewekwa mahali pa kuvutia macho. Mama akaanza kumeza viwili kwa siku, kimoja asubuhi na kimoja usiku, jumla 420, na uji wa ulezi ukafidia kilichobaki. Ni vikubwa kama mbegu za tende, kwa hiyo nilimpasulia kila kimoja mara mbili kwa kisu.

Vile vya kuyeyusha kwenye maji tulivifikiria pia, kwa ajili ya koo lake. Ni vizuri kwa wasioweza kumeza, lakini vingi vina sodiamu ya kutosha, na mama ana presha. Tukaviacha.

Mdogo wangu alikuwa mjamzito wakati huo, naye nikamfuatilia kwa bidii hadi akanichoka. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kalsiamu gramu 1.5 hadi 2 kwa siku kwa wajawazito wa mahali ambapo chakula kina kalsiamu kidogo, ili kupunguza hatari ya presha ya mimba inayoweza kuleta kifafa cha mimba. Kliniki walimpa, pamoja na vidonge vya kuongeza damu, vyenye madini ya chuma. Alikuwa akivimeza vyote kwa wakati mmoja. Kalsiamu na chuma hugombania mlango, kwa hiyo akatenganisha: chuma kabla ya kulala, kalsiamu pamoja na milo. Na yule mfamasia wa mjini aliniambia kwamba kila anayenunua kalsiamu kwake humvuta pembeni amuulize kwa siri kama anatumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi. Zile zenye dolutegraviri zikikutana na kalsiamu kwenye tumbo tupu, hunaswa na hazipenyi zote. Ama zimezwe pamoja na chakula, ama dawa itangulie saa mbili kabla ya kalsiamu, au ije saa sita baada yake. Nilimpenda sana kwa hilo. Ni swali moja, linachukua nusu dakika, na wengi hawaliulizi.

Omeprazoli ilikwisha kabisa baada ya wiki saba. Kiungulia kilimjia mama siku za mwanzo, kikapita. Siku hizi akila pilipili nyingi anajua mwenyewe. Sitreti zilipoisha alirudi kwenye kaboneti, kidonge kimoja cha 500 mchana katikati ya mlo, kwa sababu sasa tumbo lake lina asidi na bei ni theluthi. Choo hakijafunga tena. Mkono una kibonde kidogo pale ulipoungana, na anakamua nazi kama zamani.

Mwezi uliopita mama mdogo alinipigia akiwa dukani Ruwi, huko huko Muscat. Sasa anajinunulia mwenyewe, maana naye ana miaka 63 na ameambiwa mifupa imepungua. Alinitumia picha ya kabati zima. Nikamwuliza kwanza kama ana dawa ya vidonda anayotumia. Hana. Dawa nyingine? Ya tezi ya shingo, kila siku.

"Unaimeza saa ngapi, mama mdogo?"

"Alfajiri, baada ya sala, kabla sijatia kitu mdomoni."

"Sawa. Kalsiamu isiikaribie hiyo, angalau saa nne. Sasa chukua kile kikopo cha kushoto, kigeuze nyuma, unisomee."

Nikasikia anahema, anavaa miwani. "Kaboneti. Kalsiamu 1,000... ngoja. Yasema ni kwa vidonge viwili."

"Kwa hiyo kimoja?"

"Mia tano." Akanyamaza kidogo. "Na hiki cha kulia, cha bei kubwa, chasema vidonge vinne ndivyo vinaleta hiyo yake."

"Basi chukua cha kushoto. Kimoja, mchana, na wali."

"Mchana na wali," alirudia, na nikamsikia akimwambia mwenye duka kwa Kiarabu ampe kikopo kimoja tu.